Wote Wawili au Asiende Mtu

Jumatatu, 15 Desemba

Nimefyeka tena upande wa vyoo vya shule. Majani yamefika kiunoni, mvua imekubali mwaka huu. Madam mkuu alikuja na pikipiki yake, akasimama, akaangalia, hakusema kitu. Akinyamaza maana yake kazi iko sawa. Na mimi huwa sisemi. Ndio maana tunaelewana.

Mchana akaniita ofisini. Walimu wako likizo. Watu wengi wamehamia kwenye kambi za mashambani, kulima. Watoto wa darasa la kwanza walioandikishwa ni wachache. Kasema, "Masunga, Kisukuma unajua, njia zote unajua. Pita kwa wazazi. Kadi ya kliniki, sare, fagio, dumu la maji, mahindi na maharage ya chakula cha mchana. Mwambie kila mtu. Mtoto wa miaka sita, saba, asibaki nyumbani."

Nikasema sawa. Kuongea na watu wasionijua sipendi. Kuongea na wanaonijua ndio kabisa.

Kaongeza neno. Mlinzi wa shule anarudi kwao mwezi wa kwanza. Nikifanya hii vizuri nafasi yake ni yangu, na kile chumba nyuma ya stoo. Sijawahi kulala peke yangu toka nizaliwe.

Mimi niliishia darasa la nne. Mwaka huo tulihama na ng'ombe kuja huku Katavi, na tulipofika nikapewa fimbo, basi. Naandika hapa ili mkono usisahau.

Alhamisi, 18 Desemba

Nimetembea siku tatu. Miguu inauma.

Kambi ya kwanza watoto wote walikimbilia kwenye mahindi. Walidhani mimi ni wa chanjo. Mama yao akacheka mpaka akakaa chini. "Tokeni nyie, huyu hata sindano hana!"

Mama mwingine, wa kabila la Wabende, hana kadi ya kliniki, iliungua na nyumba. Kwa hiyo tukampima mtoto kwa mkono, upite juu ya kichwa ushike sikio la upande wa pili. Haukufika. Mama akaushika ule mkono akauvuta. "Vuta! Vuta wewe! Si hilo hapo limefika?" Mtoto analia. Nikasema mwakani. Akaniambia, "Mwakani wewe ndio utakaa naye? Huyu anamaliza mboga kabla haijaiva!" Nilitaka kucheka, nikaona aibu.

Baba mmoja alikuwa anatoka Mishamo, baiskeli imejaa mihogo. Yeye hata hakuuliza maswali. Kasema watoto wake wanakuja wote watatu, na mafagio wameshatengeneza. Nilifurahi njia nzima.

Nyumba zote nimepita. Kwetu bado. Kwetu wako wawili.

Jumapili, 21 Desemba

Nimesema nyumbani. Nilisubiri baba ale, ashibe, anawe.

Kulwa na Doto wamefika umri wa shule. Pacha. Kulwa wa kike, Doto wa kiume. Wadogo zangu hao, nyuma yao yuko Shija, bado yuko mgongoni kwa mama. Nikamwambia baba shule inafungua mwezi wa kwanza, Madam anawataka.

Baba akasema Kulwa aende. Mtoto wa kike akienda shule ng'ombe hawapotei. Doto hapana. Binamu yetu Mahona aliyekuwa anachunga ametoroka kwenda machimbo ya dhahabu. Sasa hivi anachunga baba mwenyewe, na mgongo wake mbovu. Kasema Doto ataanza na ndama, mvua ikiisha atakuwa ameshawajua ng'ombe wakubwa.

Bibi alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo chini. Kwetu pacha hawatenganishwi, hilo hata mtoto anajua. Ukimpa mmoja nguo, siku hiyohiyo mpe na mwenzake. Mmoja akichapwa, mwenzake naye aguswe na fimbo kidogo. Bibi amelea pacha wengi, wa kwake na wa watu. Akamwambia baba, "Hawa walikaa tumbo moja. Ukimpa mmoja ukamnyima mwenzake, aliyenyimwa anarudi alikotoka. Waende wote wawili au asiende mtu."

Baba akasema, "Basi asiende mtu."

Akatoka nje. Mama akaendelea kumnyonyesha Shija kama hajasikia. Kulwa alikuwa mlangoni, alisikia yote. Doto alikuwa anacheza na matope.

Nimetembea siku tatu kuwaambia watu wapeleke watoto. Wa kwetu wanabaki. Naona aibu.

Jumatano, 24 Desemba

Kikao cha wazazi. Madam alipanga leo kwa sababu watu wamerudi kutoka mashambani kwa ajili ya Krismasi. Darasa lilijaa, wengine wakasimama nje. Kazi yangu ilikuwa kupanga mabenchi, halafu nikasimama dirishani.

Bibi alikuja na pacha wote wawili. Baba hakuja. Nilishangaa kumwona bibi. Nadhani alitaka kusikia mwenyewe.

Madam aliongea vizuri. Watoto walale mapema, wale asubuhi hata kiporo, wasitumwe dukani muda wa shule. Msimwite mtoto shambani katikati ya wiki. Wazee wakaguna. Halafu akatoa sare za msaada. Chache. Kila nyumba yenye mtoto mpya moja, ili zifike kwa wengi. Mimi nilikuwa nimeandika majina ya kwetu nikiwaza labda baba atabadilika.

Akaita kwetu. Akatoa sketi ya bluu. Akamwita Kulwa, akamvalisha juu ya gauni lake. "Zunguka tukuone!" Kulwa akazunguka. Watu wakapiga makofi. Doto alikuwa ameshika kitenge cha bibi, anaangalia. Jamaa mmoja nyuma akapiga kelele, "Na wewe Doto utavaa ngozi ya ng'ombe!" Watu wakacheka sana. Doto naye akacheka, hakuelewa.

Nilimwona bibi usoni. Nikajua kwake Doto ameshanyimwa.

Lilikuwa neno moja tu la kusema. Madam, hao ni pacha. Mdomo ukakataa. Watu wengi vile. Nikabaki nimeshika nondo za dirisha mpaka akaita nyumba nyingine.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Wali na kuku. Bibi ameweka sketi kwenye mfuko wa nailoni, ameitundika nje, kwenye ukuta wa zizi. Kasema haiingii ndani mpaka Doto apate ya kwake. Kulwa amelia.

Doto amekula kidogo. Kuku kwenye sahani, Doto akaacha.

Jumamosi, 27 Desemba

Doto anachemka. Usiku kucha alikuwa anatetemeka. Nimembeba mgongoni mpaka zahanati, bibi nyuma na mwavuli.

Zahanati wamesema malaria. Bibi kasema sketi. Mimi sijui. Mbu wapo. Sketi nayo ipo.

Wamempa dawa ya mseto. Asubuhi na jioni, siku tatu, asiache hata kidonge kimoja. Mganga wa zahanati alirudia mara mbili. Bibi aliitikia.

Jumapili, 28 Desemba

Bibi anagawa dawa.

Nimemwona asubuhi, na jioni tena. Anatoa vidonge vya Doto, nusu anampa Doto, nusu Kulwa. Kulwa mzima kabisa. Ndivyo anavyofanya siku zote, mmoja akiugua wanakunywa wote wawili, asije mwingine akaona ametupwa. Kwa mizizi ni hivyohivyo, kwa vidonge pia.

Mganga alisema asiache hata kimoja. Hii sasa si sawa na kuacha?

Bibi ndiye aliyenilea mimi. Naanzaje kumwambia anakosea? Nilikaa karibu na jiko nikapanga maneno. Bibi akaniuliza, "Unataka nini, mbona umenikodolea macho?" Nikasema uji.

Najichukia leo.

Jumanne, 30 Desemba

Doto ameamka mzima. Anakimbiza kuku. Amekula ugali mpaka ameramba mkono.

Labda bibi anajua. Amelea watoto zaidi ya waliozaliwa kwenye ile zahanati. Moyo umetulia.

Baba amemwonyesha Doto ndama wote, mmoja mmoja, na majina. Doto anafurahi. Kulwa amekaa peke yake anachora chini na kijiti.

Ijumaa, 2 Januari

Mpanda, hospitali. Naandika kwenye benchi, nje ya wodi.

Mchana Doto alianguka kule kwa ndama. Nilikuwa narudi na maji nikamkuta chini, macho yamegeuka meupe, mikono imekaza. Mama akapiga yowe. Bibi alisema hii sasa ndiyo kurudi alikotoka. Alisema taratibu tu. Ikaniogopesha zaidi kuliko yowe.

Tukapakiwa mshikaki, dereva wa boda, bibi, Doto katikati, mimi nyuma. Mvua. Barabara yote tope. Dereva alikuwa anasema, "Bibi nikumbatie, usione haya, tukianguka mimi ndio nitalaumiwa." Bibi alikuwa anaongea na wazee wetu waliokufa, kwa Kisukuma, njia nzima.

Walimchukua mbiombio. Nesi akatoka na karatasi. Akauliza, alitumia dawa wiki iliyopita? Bibi akasema ndiyo. Alimaliza? Bibi akasema, "Zimeisha zote."

Kweli zimeisha.

Nikasema, "Hakumaliza yeye. Nusu alikunywa pacha wake."

Sijui sauti ilitoka wapi. Ilitoka ndogo, lakini nesi alisikia. Bibi pia alisikia. Akageuka akaniangalia kama mtu amekuta nyoka kitandani. Nesi akasema "Mungu wangu," akarudi ndani anakimbia.

Bibi amekaa benchi la pili.

Jumamosi, 3 Januari

Ametundikiwa dripu. Hajafungua macho vizuri. Amesema "maji" mara moja.

Bibi bado haongei na mimi. Nimemletea chai na chapati, ameacha chai imepoa. Nimeona akilia. Alijifunika na kitenge, lakini mabega yalikuwa yanacheza.

Kama Doto akifa, ni mimi niliyeona nikaomba uji.

Jumapili, 4 Januari

Doto ameongea. Ameuliza ndama yule mweusi kama amekunywa maji. Tumecheka wote, hata bibi.

Mama amekuja na Kulwa, kwa sababu Kulwa amegoma kula nyumbani. Hapo ndipo bibi alipoanza tena. Nilimwona anaangalia vidonge vya Doto mezani, halafu Kulwa, halafu vidonge. Nilijua. Safari hii sikusubiri, nilimfuata yule nesi kwenye korido. Nilishikwa kigugumizi. Nikasema, "Dada, bibi ataigawa tena."

Nilidhani atamfokea bibi. Hakumfokea. Alikuja na bahasha mbili. Akakaa kitandani, akamwamkia bibi, akamwita mayu, yaani mama, kumbe Kisukuma kidogo anajua. Akasema, "Mayu, hii ni ya Doto. Hii ni ya Kulwa, vitamini, ya kwake mwenyewe. Kila mmoja ana yake. Ukimtolea Kulwa humu kwa Doto, umemwibia Doto. Ukimtolea Doto humu, umemwibia Kulwa. Na pacha hawaibiwi, si ndiyo?"

Bibi alifikiri. Akasema, "Ndiyo, hawaibiwi." Akazifunga zile bahasha kwenye pindo za kitenge, moja kulia, moja kushoto.

Nesi alipotoka bibi akasema, "Huyu amelelewa." Halafu, bila kuniangalia, akanisogezea ndizi yake.

Jumanne, 6 Januari

Tumerudi nyumbani. Doto amekonda, shingo kama ya kuku. Baba alimpokea akambeba mpaka ndani. Sijawahi kumwona baba akimbeba mtu.

Lakini tulivyokuwa hospitali ng'ombe waliingia kwenye mahindi ya jirani. Kumekuwa na maneno makali mpaka kwa mwenyekiti. Jioni baba kasema Doto akipata nguvu anaanza na ndama, na asiletewe habari za shule. Mgongo umemkataa. Hawezi kuinuka bila kushika ukuta.

Nimemwangalia baba akishika ukuta. Nimemwangalia Doto. Nimejiangalia na mimi.

Sitaki kuandika ninachowaza.

Alhamisi, 8 Januari

Nimekwenda kwa Madam. Nimeongea kuliko siku zote nilizofanya kazi pale. Nimemwambia habari ya pacha, ya sketi, ya dawa, ya hospitali. Akasema, "Mbona siku ile hukusema?" Nikasema nilikosa mdomo. Akasema, "Na mimi sikuuliza. Niliona majina mawili kwenye nyumba moja, nikawaza sare zisiishe tu."

Sare zimekwisha. Akatoka na kaptula ya mwanae, aliivaa mpaka ikambana. Bluu, lakini imefifia, karibu kijivu. Nikapokea.

Halafu nikamwambia lile lingine. Kazi ya ulinzi siitaki. Nitachunga mimi. Nikichunga mimi Doto anabaki huru, na kama Doto yuko huru wanaenda wote wawili. Aliniuliza kama nimefikiri. Nikasema ndiyo. Akasema nafasi haiwezi kusubiri, watu wanaitaka. Najua wanaitaka. Na mimi naitaka.

Nilipita nyuma ya stoo. Mlango wa kile chumba ulikuwa wazi. Sikuingia.

Ijumaa, 9 Januari

Nimemwambia baba asubuhi zizini. Nilimwambia huku nafungua ng'ombe, nisimwangalie.

Akauliza, "Na kazi ya shule?"

"Nimeacha."

Akasema, "Haya." Halafu akasema, "Yule mwekundu usimwamini, anapenda mashamba ya watu." Ndiyo shukrani yake hiyo.

Nina hasira na baba. Nina hasira na Mahona na dhahabu yake. Hata na Doto kidogo, na hana kosa. Nimechunga siku nzima nikiwa na hasira. Ng'ombe hawajali.

Jumamosi, 10 Januari

Bibi ameleta shida mpya. Sketi mpya, kaptula imechakaa. Si sawa, kasema. Doto ataona amepewa makombo.

Nikajua tumekwisha. Mama akakaa chini akashika kichwa.

Bibi akaenda kuitoa sketi kule kwenye ukuta wa zizi. Akachukua sabuni ya mche na jiwe. Ameifua, ameianika, ameifua tena, ameisugua, ameianika. Nimeondoka na ng'ombe anafua, nimerudi anafua. Jioni akaziweka pamoja kwenye kamba, sketi na kaptula, akarudi nyuma, akafumba jicho moja. "Kidogo bado," akasema. Akaishusha.

Kulwa alikuwa anaona sketi yake inazeeka, machozi yanamtoka. Mama alijificha jikoni anacheka. Nimecheka na mimi. Nilikuwa sijacheka muda.

Jumatatu, 12 Januari

Zimefanana.

Bibi amewanyoa wote wawili leo, mmoja baada ya mwingine, kisha amewaogesha kwenye beseni moja na majani yake. Nimekata chelewa porini wakati ng'ombe wanakunywa, nimefunga mafagio mawili. Madumu mawili. Kadi za kliniki mbili, mama alizihifadhi chini ya godoro. Shija analia anataka fagio na yeye.

Mlinzi mpya ameanza kazi leo. Wameniambia ni kijana wa Kawajense.

Jumanne, 13 Januari

Sikuwaona wakiondoka. Nilitoka na ng'ombe kabla hakujakucha vizuri. Mama ndiye kawapeleka, na bibi nyuma.

Siku ndefu. Nilikuwa ng'ambo ya mto, majani mazuri, mvua haikunyesha. Yule mwekundu alijaribu mara mbili.

Jioni walinifuata zizini, sare zote vumbi. Kulwa anaongea bila kupumua. Wamekula makande. Wameimba. Kuna mtoto amejikojolea. Doto yeye amenong'ona. Madam amewatenganisha. Kulwa mbele kwa sababu ni mfupi, Doto nyuma kabisa na wavulana wawili. Hawakukaa pamoja hata kidogo. Doto akaniuliza kama atakufa.

Nikamwambia hapana. Nikawaambia wasimwambie bibi.

Wakati wa kula bibi akauliza, "Mmekaa pamoja huko?"

Kulwa akaniangalia. Doto akaangalia sahani.

"Wamekaa pamoja, bibi," nikasema. "Benchi moja."

Bibi akaitikia kwa kichwa, akavuta bakuli la mboga akaliweka katikati yao. Doto akaomba aongezewe ugali.